AFYA NA SHERIA: Damu ya Mtu Katika Jeraha Lake Mwenyewe



Msomaji mpenzi, mwezi huu sitaanza kwa kujibu barua kama ilivyo ada ya ukurasa huu, bali nitaanza kwa kulirudi jibu nililokwisha kulitoa. Jibu hilo sikuliandika humu. Nalilitoa kwa mdomo, barazani pangu, baada ya sala ya alasiri, nami nikalitoa kwa haraka. Na kwa kuwa maneno ya barazani aghlabu huenda mbali kuliko maneno ya gazetini, nimeona yanipasa niyafuate kwa kalamu.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye wanawe wote wamepitia chuoni kwangu, alikuja kuniuliza. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 22, alikuwa na gego la mwisho la taya la chini lililolala ubavu ndani ya ufizi, halitoki wala halitulii. Tabibu wa meno aliwaambia kwamba gego hilo halina budi kupasuliwa na kutolewa, na kwamba wakipenda, kijana atatolewa damu kidogo mkononi, damu hiyo izungushwe katika mashine, kisha sehemu yake moja itiwe katika shimo la jino ili jeraha lipone vyema. Mama yule aliposikia habari ya damu kutolewa mkononi na kutiwa kinywani alishtuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

"Maalim," akaniuliza, "damu si najisi? Na kinywa si ndicho tunachosomea Qur'ani?"

Nami, bila ya kumwuliza swali hata moja, nikamjibu kwamba damu ni najisi na kuila ni haramu, basi na waende kwa tabibu mwingine alitoe jino na shimo aliache kama lilivyo. Akashukuru, akaenda zake. Nikaona nimefanya kazi.

Kijana alipasuliwa mahali pengine. Siku mbili alikuwa hajambo. Siku ya tatu usiku akaamka akipiga kelele. Maumivu yalitoka tayani yakapanda mpaka sikioni, na dawa za kawaida za maumivu hazikufaa kitu. Alipopelekwa kutazamwa, shimo lilikuwa tupu: lile bonge la damu lililopaswa kulifunika limekwisha toka, na mfupa waonekana mweupe chini. Matabibu huiita hali hiyo tundu kavu. Alioshwa, akatiwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu, zao letu wenyewe, akapata nafuu. Lakini siku 9 nzima hakula ila uji, na kazi yake ya kibarua akaikosa. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinipita njiani akaniamkia kama siku zote. Laiti angenilaumu.

Basi nikafunga safari mbili. Ya kwanza nilikwenda kwa tabibu wa meno aliyesoma juzuu Amma chuoni kwangu akiwa mtoto wa miaka 7, na ya pili kwa sheikh wangu aliyenisomesha mimi fiqhi. Niliyoyapata kwa wawili hao ndiyo niyaandikayo hapa, pamoja na yale niliyoyatafuta mwenyewe baadaye.

Tabibu alinikalisha katika kiti kile cha kutolea meno, kwa kuwa chumba chake hakina kingine, akanionyesha kwa vitendo. "Maalim," akasema, "damu wewe waiona ni kitu kimoja chekundu. Mimi nitakuonyesha kuwa ni vitu vingi." Fahamu, msomaji, kuwa damu ina maji yake, waitayo plazma, na ndani ya maji hayo zaelea chembe nyekundu zichukuazo hewa, chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na vijipande vidogo sana viitwavyo chembe sahani. Mtaliana mmoja mjini Torino, Giulio Bizzozero, ndiye aliyezieleza chembe sahani kwa ubainifu mnamo mwaka 1882, akaonyesha kazi yake katika kuzuia damu. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya mna chembe sahani baina ya 150,000 na 400,000, na kila moja huishi siku 8 hadi 10 tu, kisha huja nyingine.

Mtu akijikata, chembe hizi hukimbilia penye jeraha, zikashikamana, na nyuzi nyembamba za fibrini zikajisuka juu yake mfano wa wavu wa mvuvi. Hilo ndilo bonge la damu. Zamani ilidhaniwa kuwa kazi ya chembe sahani hukoma hapo, yaani kuziba tu kama kizibo cha chupa. Lakini tangu miaka ya 1970 imejulikana kuwa ndani yake zimebeba vichocheo, navyo hutoka wakati wa kuganda vikaziita chembe za mwili zije zijenge: zitengeneze mishipa midogo, nyama mpya, na mfupa. Kwa hiyo kizibo ni mlango, na pia ni mpiga mbiu.

Matabibu wa kinywa walipolijua hilo wakajiuliza: ikiwa katika bonge la kawaida chembe sahani ni chache na nyekundu ni nyingi mno, je, haiwezekani kuzikusanya zile zifaazo na kuziweka pale penye haja? Mwaka 1998 Robert Marx na wenziwe wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 88 waliokuwa na upungufu wa mfupa wa taya, wakapandikizwa mfupa wao wenyewe. Wale waliochanganyiwa na plazma yao yenye chembe sahani nyingi, mfupa wao ulikomaa upesi zaidi. Njia hiyo ilikuwa na taabu zake. Damu ilitiwa dawa ya kuizuia isigande, ikazungushwa mara mbili, kisha ikahitaji kugandishwa tena kwa thrombini ya ng'ombe. Na ilikwisha onekana katika upasuaji mwingine kwamba thrombini hiyo huweza kuufanya mwili wa mtu, ingawa ni mara chache, upigane na kigandisho cha damu yake mwenyewe, akavuja damu.

Ndipo mwaka 2001 tabibu mmoja wa mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, Joseph Choukroun, pamoja na wenzake, wakaleta njia nyepesi. Damu hutolewa mkononi, ikatiwa katika vijichupa vya mililita 10 kila kimoja, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chai, wala haitiwi dawa yoyote. Kwa kuwa haina dawa, yapasa iingizwe katika mashine mara moja, maana ikicheleweshwa itaganda ovyo. Mashine huvizungusha vijichupa kiasi cha mara 3,000 kwa dakika, muda wa dakika 10 hivi. Vikitolewa, damu imejigawa yenyewe mafungu matatu: chini chembe nyekundu, juu maji ya rangi ya manjano, na katikati bonge la fibrini laini mfano wa maziwa yaliyoganda, ndani yake zimenaswa chembe sahani nyingi na chembe nyeupe. Tabibu hulivuta kwa kikoleo, akakata ule wekundu wa chini, akalikamua kidogo likawa kama utando, akalitia katika shimo la jino na kushona ufizi juu yake. Bonge hilo huyeyuka polepole, na katika siku saba na zaidi huendelea kutoa vile vichocheo vyake.

Nalishika kijichupa kile mkononi, msomaji, nikakitazama dirishani. Sikuwahi kudhani kuwa ndani ya damu mna kitu cheupe namna ile.

Nikamwuliza swali lililokuwa likinikera rohoni: "Lau kijana yule angetiwa kitu hiki, angepona bila ya taabu?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Siwezi kukuapia, Maalim. Katika kutoa meno ya kawaida, wanaopata tundu kavu ni wachache, labda watu 5 katika 100 au chini ya hapo. Lakini katika magego ya mwisho ya taya la chini yanayopasuliwa, hufika hata 30 katika 100. Majaribio mengi yameonyesha kuwa fibrini hii hupunguza idadi hiyo na kupunguza maumivu ya siku za mwanzo. Juu ya kwamba inaongeza mfupa, matokeo hayaafikiani: mengine yasema ndiyo, mengine yaona tofauti ndogo au hapana. Na majaribio mengi ni ya watu wachache. Atakayekuambia kuwa ni ponyo la kila kitu, huyo anauza." Halafu akaongeza kwamba kusukutua kwa dawa ya klorheksidini kabla na baada ya kutoa jino nako kumethibitika kupunguza tundu kavu, na bei yake ni ndogo mno.

Maneno hayo yaliniondolea nusu ya mzigo, lakini nusu tu. Baadaye kijana mwenyewe alikuja akaniungamia kwa siri, na leo ameniruhusu kuyaandika, kwamba siku ya pili baada ya kupasuliwa alivuta sigara mbili nyuma ya nyumba. Moshi na ule uvutaji ni katika mambo yajulikanayo sana kwa kuleta tundu kavu. Hata hivyo sigara zake hazilisahihishi jibu langu.

Sasa tuje katika sheria, maana huko ndiko nilikoteleza.

Sheikh wangu aliponisikiliza hakunikaripia. Aliniuliza tu: "Jino likitoka, shimo hujaa nini?" Nikasema, damu. "Ya nani?" Yake mwenyewe. "Je, wewe umepata kuamuru damu hiyo ikombwe kwa sababu ni najisi?" Nikasema, la. "Basi," akasema, "ungeanza hapo."

Kisha akanipambanulia. Aya ya 3 ya Suratul Maida na nyinginezo zimeharimisha damu pamoja na mzoga na nyama ya nguruwe, na aya ya 145 ya Suratul An'am ikabainisha kuwa ni damu iliyomwagika. Hilo ni katika kula, wala hapana shaka ndani yake. Lakini bonge linaloshonewa jerahani haliliwi wala halimezwi. Ni dawa iliyowekwa mahali penye kidonda. Linabaki suala la unajisi, kwa kuwa damu ikitoka mwilini ni najisi kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Hapo madhehebu yetu ya Shafii yameeleza tangu zamani: kujitibu kwa kitu chenye najisi kwafaa ikiwa hapana kilicho tohara cha kushika mahali pake, kwa neno la tabibu mwaminifu, na mwenye kuunga mfupa wake kwa mfupa wenye najisi kwa kukosa ulio tohara husamehewa. Na katika zama zetu hizi Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nne mjini Jeddah mwezi wa Februari 1988, ilipitisha azimio kwamba yafaa kuhamisha kiungo cha mtu kutoka mahali pamoja pa mwili wake kukipeleka mahali pengine pa mwili wake huyo huyo, iwapo manufaa yatarajiwayo yazidi madhara. Na kwamba kile kinachojirudisha chenyewe, kama damu na ngozi, yafaa hata kumpa mtu mwingine. Ikiwa damu ya mwenzio yafaa uingizwe mishipani kwa haja, yako mwenyewe itawekwaje mbali na jeraha lako?

"Nawe umesahau habari ya Uhud," sheikh akaniambia, na hapo niliinamisha kichwa, kwa sababu habari hiyo nimeisomesha mwaka hata mwaka. Siku ya Uhud Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alijeruhiwa usoni na likavunjika jino lake. Bibi Fatma akawa anaiosha damu, na Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao. Bibi Fatma alipoona maji yazidisha kutoka damu, alichukua kipande cha jamvi akakichoma, akalibandika jivu lake juu ya jeraha, damu ikakatika. Hakusema maji ni tohara basi tuendelee nayo. Alitazama jeraha linataka nini.

Kuna jambo jingine ambalo tabibu alinieleza, nami naliona kubwa kuliko lile tulilouliza. Katika upasuaji wa kinywa, khasa kwa watu wanaotaka kupandikizwa meno ya bandia ndani ya mfupa, hutumiwa unga wa mfupa na tando za kufunikia. Unga huo mara nyingi hutoka katika mfupa wa ng'ombe, na tando nyingi zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Mgonjwa hulala kitini akafumbua kinywa, akawekewa, asijue. Mama yetu aliikimbia damu ya mwanawe, lakini ni wangapi wamewekewa cha nguruwe wala hawakuuliza! Wako wanavyuoni wa zama hizi wasemao kuwa kitu kikigeuzwa asili yake hutoharika, na wako wasiolikubali hilo, nao katika Mashafii ndio wengi. Sitawaamulia. Lakini utando wa fibrini yako mwenyewe mara nyingine waweza kushika nafasi ya ule, japo si kila mara, kwa kuwa huyeyuka upesi. Basi mwulizeni tabibu kabla ya kulala kitini: Utando huu umetoka kwa mnyama gani? Imeandikwa katika karatasi ya ndani ya kisanduku. Tabibu mwema hachukii kuulizwa.

Wala msidhani kuwa kutia mfupa wa mnyama kinywani ni jambo la juzi. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mnamo mwaka 1013, katika kitabu chake cha at-Tasrif alieleza kufunga meno yanayotikisika kwa uzi wa dhahabu, na kuchonga jino la badala kwa mfupa wa ng'ombe.

Atakayekubali kutolewa damu na atazame mambo haya. Sindano na vijichupa viwe vipya, vifunguliwe mbele ya macho yako, na damu yako isitoke chumbani ikarudi baadaye. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba hupati maradhi ya mtu mwingine, na faida hiyo hupotea vijichupa vikibadilishana. Mwenye maradhi ya damu, au mwenye kutumia dawa za kuifanya damu isigande, amwambie tabibu mapema, wala asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe. Mwenye kisukari na ajitahidi sukari yake itulie kwanza, maana jeraha lake huchelewa. Ulizeni na bei. Ikiwa ni jino la kawaida la mbele, na mgonjwa ni mzima, na fedha ni za kukopa, tabibu wangu mwenyewe alisema asingemshauri mtu kukopa kwa ajili hiyo.

Na ama mambo ya baada ya kutoa jino, yawe yametiwa fibrini au hayakutiwa, yaelekea sote twayakosea. Shashi iumwe kiasi cha nusu saa. Siku ya kwanza usiteme mate kwa nguvu, usisukutue, usinywe kwa mrija; wala sigara, wala tambuu, wala ugoro kwa siku kadhaa. Hapa vijana wengi huuliza juu ya udhu. Kusukutua katika udhu, kwetu sisi Mashafii, ni sunna, na udhu watimia bila yake. Basi kuache siku hiyo, wala usione kuwa umepungukiwa na dini kwa kuhifadhi bonge la damu. Mwenye kufuata madhehebu yanayokuwajibisha na amwulize sheikh wake, kwani mwenye jeraha ana rukhsa zake. Baada ya siku moja sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na mswaki uupitishe mbali na jeraha. Ufizi hufunga kwa majuma kadhaa, lakini mfupa wa ndani hujaa kwa miezi mitatu, minne au zaidi.

Ama saumu: kutolewa damu mkononi hakufunguzi kwetu, kama kuumika kusivyofunguza, ingawa Mahanbali wasema kuumika hufunguza. Khatari iko katika kumeza damu ya kinywani. Kwa hiyo jino lisilo la dharura na lingoje mpaka Idi ipite, au litolewe usiku.

Juma lililopita nalikwenda kwa mama yule, nikabisha hodi, nikamwambia mbele ya mwanawe kwamba jibu langu lilikuwa la haraka na kwamba nalirudisha. Alicheka, akaniletea kahawa na kashata. Kisha akanionyesha binti yake mdogo, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba upande wa kushoto. "Na huyu naye gego lake limelala vivyo hivyo," akasema. "Tumepewa siku ya Jumatano. Twende pamoja, Maalim, ukaulize wewe." Nimekubali.